Mbona Picha Zangu za Bustani Zimetoka Hivi? Dalili na Tiba kwa Mpiga Picha wa Nairobi, Kutoka Kiangazi Hadi Vuli

Anayejaribu kupiga picha za bustani moja ya Nairobi mwaka mzima hufika mahali akakata tamaa. Za Februari na za Julai zinafanana. Jakaranda imetoka buluu. Anga halina kitu, na mnara wa KICC katikati ya jiji ni kivuli cheusi. Wa kwanza kulaumiwa ni kamera, na kama hakuna kamera basi simu. Halafu jiji lenyewe linalaumiwa: eti Nairobi haina majira, hayo ni mambo ya Ulaya na theluji zao.

Majira yapo. Hayakai kwenye majani ya miti peke yake, ndiyo maana anayeelekeza lenzi juu kwenye matawi kila mwezi hayaoni. Yako kwenye nyasi, kwenye udongo, angani, kwenye mavazi ya watu, na hata mahali jua linapochomozea. Kwa hiyo dalili nyingi hapa chini zinatokana na mahali uliposimama na saa uliyofika, si kifaa ulichobeba.

Mifano yangu ni ya bustani tatu: Arboretamu iliyo kando ya State House Road, Uhuru Park, na City Park ya Parklands. Kalenda ni hii: kiangazi Januari na Februari, masika kuanzia Machi hadi Mei, kipupwe Juni hadi Agosti, jakaranda kuanzia Septemba, na mvua za vuli Oktoba hadi Desemba. Isichukuliwe kama sheria, kwa maana mvua ya siku hizi haina adabu ya kufuata tarehe.

Kabla ya yote, kama unatumia simu, futa lenzi. Picha zote zikiwa na utandu mweupe na taa zinatoa miale mirefu, chanzo ni mafuta ya vidole. Kitambaa laini cha pamba kinatosha. Ikipona hapo, umeokoa muda wa kusoma nusu ya mwongozo huu.

Dalili: Picha za mwaka mzima zinafanana

Fungua picha nne za majira tofauti, uzipunguze ziwe ndogo kabisa kwenye skrini, kisha zitazame kwa pamoja. Ukishindwa kusema ipi ni ya Aprili na ipi ni ya Januari, angalia kilichomo ndani ya fremu. Ni miti mitupu?

Arboretamu ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, maana reli ilikuwa ikila kuni nyingi. Mti ulipimwa kwa kasi ya kukua, hakuna aliyeuliza kama utabadilika rangi. Mingi katika hiyo haipukutishi majani yote kwa mpigo, na mkaratusi wa Julai ni ule ule wa Januari. Ukijaza fremu kwa mikaratusi na misonobari, hakuna kamera duniani itakayokuonyesha msimu.

Tia shahidi kwenye fremu, yaani kitu ambacho lazima kibadilike. Nyasi ni shahidi mzuri: Mei ni mbichi na zimejaa, Februari zimekauka na udongo unaonekana katikati yake. Njia ya udongo mwekundu ni shahidi bora zaidi, kwani kiangazi inafuka vumbi, masika ina madimbwi yanayorudisha taswira ya miti. Jakaranda nayo hubadilika vya kutosha: majani ya kijani, yanakuwa manjano, matawi yanabaki karibu matupu, maua yanafunguka, kisha maua yanaanguka na kufunika ardhi. Ila kwa maoni yangu hakuna kinachotaja msimu wa Nairobi haraka kama watu. Koti zito na kofia ya sufu ni Julai bila ubishi. Wapige kwa mbali wawe sehemu ya mandhari, na kama uso unatambulika, omba ruhusa.

Kisababishi cha pili kimo ndani ya kifaa. Mfumo wa kusawazisha rangi nyeupe ukiwa otomatiki, kazi yake ni kuondoa rangi ya mwanga. Asubuhi ya Julai ina ubaridi wa buluu, na kamera inauondoa. Jioni ya Februari ina umanjano, nao unaondolewa. Mwangaza otomatiki unafanya vivyo hivyo: siku ya giza inapandishwa, siku kali inashushwa, zote zinakutana katikati. Umepiga misimu minne na kamera imekurudishia mmoja.

Tiba ni kuweka mizani ya rangi, yaani mfumo huo huo wa kusawazisha nyeupe, kwenye alama ya jua, karibu 5500 K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), na kuiacha hapo mwaka mzima. Kwenye simu, nenda kwenye hali ya kitaalamu. Kama simu yako haina, zipo programu za kamera zinazokupa uwezo huo. Na unapohariri, usiibonyeze ile fimbo ya uchawi ya kurekebisha moja kwa moja. Inafanya uharibifu ule ule mara ya pili.

Dalili: Mahali ni pale pale, lakini picha hazipandani

Hili ni tatizo la wale wanaotaka kuziunganisha ziwe video fupi au kuziweka ukutani nne kwa safu. Mti unarukaruka kutoka fremu moja hadi nyingine.

Visababishi vitatu ni vyepesi. Umesimama hatua mbili pembeni, umeshika kamera juu zaidi, au umevuta zumu kwa kiasi tofauti. Chagua alama isiyohama, kama kona ya benchi la saruji au nguzo ya taa, na usimame kwa kuigusa. Usitumie mti mchanga wala kibao cha mbao. Tumia lenzi ile ile bila zumu. Washa mistari ya gridi kwenye skrini, kisha beba picha ya kwanza kwenye simu na ulinganishe: tawi fulani linakatwa na mstari gani, paa linaishia wapi.

Kisababishi cha nne ni jua, na hapa miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya inapotosha kabisa. Huko wanaambiwa jua la mchana liko kusini, basi. Nairobi iko kama digrii moja na robo kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la saa sita mchana linakuwa karibu utosini. Juni linapita upande wa kaskazini, takriban digrii 25 kutoka utosini, na Desemba linapita kusini, takriban digrii 22. Maana yake shina ulilolipiga Juni likiwa na mwanga upande wa kaskazini, Desemba upande huo uko kivulini. Ukifika saa ile ile na kusimama pale pale, bado picha itakuwa nyingine.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kupiga mfululizo wote siku za mawingu, na hapo suala la upande wa jua linakwisha. Picha zitapandana vizuri, lakini zitakosa uhai. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kukubali kivuli kihame, kwa sababu kuhama kwake ndiyo habari yenyewe. Msimu wetu umeandikwa kwenye vivuli kuliko kwenye majani. Ukichagua njia hii, piga mapema asubuhi. Jua la Nairobi halibadilishi saa zake sana: mwanzoni mwa Novemba linachomoza kama saa 12:10 asubuhi, na Februari kama saa 12:40. Tofauti ya nusu saa tu kwa mwaka mzima, huhitaji jedwali.

Hilo linaeleza pia dalili nyingine ndogo: "nilifika saa ya mwanga wa dhahabu nikaukosa." Karibu na ikweta jua linapanda na kushuka wima. Mwanga ule laini ambao wenzetu wa kaskazini wanaufaidi kwa muda mrefu, kwetu unapita kwa takriban nusu saa. Uwe umesimama mahali pako kabla jua halijatoka, si unashuka matatu.

Dalili: KICC na majengo yametoka meusi

Hii ni ya Uhuru Park. Bustani iko magharibi mwa katikati ya jiji, ng'ambo ya Uhuru Highway, kwa hiyo ukitazama majengo unatazama mashariki. Asubuhi jua liko nyuma yake. Kamera inaona anga linalong'aa na kupunguza mwanga, nayo majengo yanazama.

Rudi alasiri, kuanzia saa kumi, jua likiwa mgongoni mwako. Mnara wa KICC, wenye rangi ya udongo, unapokea mwanga wa jioni vizuri sana. Au baki asubuhi na ukubali vivuli, lakini uvipange: Juni jua linachomoza kushoto kwako, upande wa kaskazini, Desemba linachomoza kulia, na karibu na Machi na Septemba linatokea nyuma ya majengo yenyewe. Mfululizo wa macheo matatu ya namna hiyo unaonyesha mwaka wazi kuliko picha hamsini za maua.

Kama majengo hayakuwa meusi bali yamefifia na kuwa kijivu, hilo ni vumbi na moshi wa kiangazi. Filta haisaidii sana. Ngoja mvua kubwa ipige, kisha nenda asubuhi au jioni inayofuata. Aprili na Novemba hewa husafika kiasi kwamba unaweza kuhesabu madirisha.

Na majengo yakionekana yanaanguka nyuma, umeinua kamera. Iweke wima, rudi hatua kadhaa, halafu kata nyasi zilizozidi chini. Mandhari haya, kwa njia, yangekuwa mengine kabisa: mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani hii, na Wangari Maathai akasimama kuupinga hadi ukafa. Unapotunga fremu pana pale huna mnara wa kuukwepa.

Dalili: Anga jeupe, halina kitu

Ugonjwa wa kipupwe. Kuanzia Juni wingu zito la chini linaweza kuifunika Nairobi asubuhi nzima. Wingu hilo linang'aa kuliko chochote kilicho chini yake, na kamera haiwezi kushika vyote viwili. Histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, itakuonyesha rundo limebanwa ukingoni kulia.

Wengi hukimbilia HDR, ambapo kamera huunganisha fremu kadhaa za mwanga tofauti. Inasaidia kidogo, lakini angalia kingo za majani: ukiona ukanda mweupe kuzunguka mti, au majani yenye pacha wake pembeni kwa sababu upepo uliyatikisa kati ya fremu moja na nyingine, imeshaharibu. Zaidi ya hapo, wingu la Julai halina umbo lolote ndani yake. Unahangaika kuokoa kitu ambacho hakipo.

Liondoe anga kwenye picha. Ingia chini ya miti, inamisha kamera, piga njia, mizizi, ngazi, benchi lililolowa umande. City Park, penye msitu wa asili uliosongamana, inafaa kuliko zote kwa kazi hii, maana mwanga wa mawingu unaingia sawasawa hata chini ya miti ambako siku ya jua kungekuwa na mabaka meupe na meusi tu. Wanaoikwepa Julai wanapoteza mwezi bora zaidi kwa picha za ndani ya msitu. Na ukitaka anga kwa lazima, mara nyingi wingu hupasuka kuelekea alasiri.

Kinyume chake ni mabaka ya Januari: jua kali, kivuli kizito, uso wa mtu una madoa. Hakuna ujanja wa kamera hapo. Saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri kaa kivulini, ule.

Dalili: Jakaranda imekuwa buluu

Hii ndiyo inayoumiza, kwa sababu msimu wenyewe ni mfupi na macho yako yaliona zambarau.

Ua la jakaranda linarudisha mwanga wa buluu pamoja na wekundu ulio kwenye ukingo wa kile jicho linachoweza kuona. Mbele ya sensa ya kamera, yaani sehemu inayopokea mwanga, kuna filta inayokata mwanga usioonekana, na mara nyingi inapunguza na ule wekundu wa ukingoni. Ukiondoa wekundu kwenye zambarau, kinachobaki ni buluu. Ongeza kwamba maua yaliyo kivulini yanaangazwa na anga, ambalo nalo ni buluu, na kwamba simu nyingi zikiona buluu juu ya picha huikoleza zikidhani ni anga. Makosa matatu yamerundikana juu ya ua moja.

Tambua kosa lako ni lipi kwa kupiga ua lililoanguka, ukilishika mkononi juani. Kiganja kikiwa na rangi sahihi na ua likabaki buluu, ni sensa, na dawa iko kwenye kuhariri: chukua kidhibiti cha buluu na cha zambarau tu, visogeze kuelekea waridi kidogo kidogo hadi ua lifanane na ulilolishika. Usisogeze rangi ya picha nzima, nyasi zitaharibika. Kiganja nacho kikiwa na ubuluu, ni mizani ya rangi. Hapa vunja ile kanuni ya 5500 K na uweke alama ya kivuli. Ukipiga faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazirekebisha, uamuzi huu unaufanya nyumbani bila hasara.

Kama rangi ni sahihi lakini ua limepauka, angalia kilicho nyuma yake. Zambarau nyepesi mbele ya wingu jeupe haionekani, hata kwa macho. Tafuta pembe ambayo nyuma kuna mti wa kijani kizito au lami iliyolowa. Kwenye miteremko ya Arboretamu unaweza kusimama juu na kuwa sawa na matawi, badala ya kutazama juu kama watalii.

Na kuhusu maua yaliyofunika ardhi: mvua ya kwanza ya vuli huangusha mengi kwa usiku mmoja. Nenda asubuhi inayofuata, mapema kuliko wafagiaji.

Dalili: Maua mekundu hayana umbo, ni doa tu

Kifabakazi, ule mti wa maua ya moto ambao wengi wanauita Nandi flame, na bogenvilia yenye rangi kali. Rangi nyekundu imefurika peke yake wakati histogramu ya kawaida inakwambia kila kitu kiko salama. Washa histogramu ya rangi tatu, punguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua hadi hatua nzima (hatua moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), na ushushe ukolezaji wa rangi kwenye kamera. Kwenye simu, gusa ua, shikilia hadi ifunge fokasi, kisha telezesha kidole chini mpaka mistari ya petali irudi.

Dalili: Baada ya mvua, kijani kinang'aa vibaya

Tofautisha mambo mawili. Majani yakiwa na weupe unaometa juu yake, ni anga linaakisiwa na maji. Filta ya polaraiza huondoa hilo: izungushe polepole hadi majani yarudi kwenye kijani chake. Itakula mwanga wa hatua moja hadi mbili, kwa hiyo pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Mwenye simu anaweza kuweka miwani ya jua ya polaraiza mbele ya lenzi na kuizungusha. Inachekesha watu lakini inafanya kazi.

Kijani kikiwa kikali kupita kiasi, kisichopatikana kwenye mmea wowote, ni simu inaremba. Shusha kijani na manjano kwenye kuhariri. Masika ya Nairobi ni ya kijani kizito chenye weusi ndani yake, na ukikiacha hivyo hata udongo mwekundu utaonekana umelowa.

Dalili: Ukungu ndani ya lenzi

Asubuhi ya Julai kamera imepoa nje, kisha unapanda matatu iliyojaa na madirisha yamefungwa. Hewa ya joto yenye unyevu inagusa kioo baridi na kugeuka maji. Usifute, usibadilishe lenzi. Funga kamera ndani ya mkoba kabla ya kupanda, uiache humo nusu saa hadi ilingane na joto.

Ukungu usiokwisha ni jambo zito zaidi. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ukingoni, ni kuvu, mgonjwa wa kawaida baada ya masika kwa lenzi iliyofungiwa kabatini ndani ya mfuko wa ngozi. Mpelekee fundi mapema kabla kioo hakijaliwa. Kinga yake ni rahisi: kopo la plastiki la chakula lenye kifuniko kinachobana, na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, mradi bado ni vikavu. Mchele usitumie, una unga.

Vidogo vidogo

Picha za chini ya miti zimetikisika: kasi ya shata, yaani ya pazia la kamera kufunguka na kufungwa, imeshuka bila wewe kujua. Iweke 1/125 ya sekunde au kasi zaidi na uache ISO ifike 1600. Chembechembe zinavumilika kuliko ukungu wa mkono.

Kifuniko cha lenzi kimechukuliwa na tumbili: ulikuwa na ndizi au njugu kwenye mkoba. Arboretamu na City Park wanyama hawa wameshazoea watu, na zipu hawaiogopi. Usiwalishe ili uwapate karibu. Atakayekuja baada yako ndiye atakayeporwa.

Askari amekusimamisha: kwa kawaida simu haimshtui, stendi ya miguu mitatu ndiyo inayomfanya aulize kama ni kazi ya biashara. Uliza langoni ukiingia, kabla hujaifungua, na kama kuna ada ya upigaji picha, ilipe na uchukue risiti. Droni ni habari nyingine: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na kwa kuwa Arboretamu ni jirani ya Ikulu, pale usiitoe hata kwenye mkoba.